Namba Nane za Vugiri

Korogwe, Jumapili, baada ya adhuhuri

Mwanangu Zaina,

Tukio, kwa maana ya fani unayokwenda kuisomea, si kila jambo linalotokea. Ni jambo lililoshuhudiwa na mashahidi wawili kwa pamoja. Sahani mbili za plastiki hupangwa moja juu ya nyingine. Chembe itokayo angani inapozipenya, kila sahani hutoa mwanga hafifu ambao jicho haliwezi kuuona. Na iwapo mianga hiyo miwili imetokea ndani ya muda mfupi usiolinganishika na kupepesa jicho, kisanduku kilichounganishwa nazo huongeza moja katika hesabu yake. Sahani moja ikiwaka peke yake, hakuna tukio. Huenda ni joto, huenda ni hitilafu ya waya, huenda hata ni chembe halisi iliyopita pembeni. Vyovyote iwavyo, haihesabiwi. Maana hii ulinifundisha wewe, kwenye meza hii hii ninayoandikia, ukitumia sahani mbili za chakula na punje ya mchele. Nilikuuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika, kama ilivyo kawaida yangu, nawe uliyajibu yote.

Ninaanza na maana hiyo kwa sababu barua hii inahusu namba nane nilizoziandika ilhali hapakuwa na shahidi hata mmoja, mimi nikiwemo. Namba hizo zimo katika ripoti iliyokupatia nafasi Ujerumani. Kesho asubuhi unaondoka, na hujui.

Nimeyasema hayo mapema ili usisome kurasa zote ukijiuliza ninaelekea wapi. Sasa nitayaeleza kwa mpangilio, kadiri ninavyoweza, maana leo mpangilio unanishinda. Tangu ulipoondoka asubuhi kwenda Kwamsisi kumuaga bibi yako nimekaa kwenye kiti hiki na kuinuka mara nyingi kiasi kwamba mama yako, anayepiga pasi nguo zako sebuleni, ameniuliza kama kuna sisimizi. Nilimjibu kuwa natafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Habari za koti, za chakula, za kupiga simu kila Ijumaa na za kutomwamini mtu anayekupokea mkoba bila kuombwa, mama yako amekwisha kukupa, na anazo nyingine za kesho. Sitaziongezea. Mimi nina jambo hili moja.

Nianze na profesa wako. Tangu alipokubali kukusimamia nimesoma kila andiko lake nililoweza kulipata, na mengine nimeyasoma mara tatu bila kuyaelewa. Unajua sisomi maisha ya watu kwa kutafuta mfano wa kuiga. Nilitaka tu kujua mwanangu anakwenda kwa mtu wa namna gani. Nilichokikuta kilinishangaza. Mwanamke huyu ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuandika kwamba hakuona kitu. Alikulia katika mji wa wachimba makaa ya mawe. Alipokuwa mwanafunzi aliteremka ndani ya mgodi wa chumvi akiwa na mitambo ya kunasa nyutrino, chembe ambazo huipenya dunia nzima kama vile haipo, akakaa chini ya miamba ili mvua ya chembe nyingine isimchanganye. Baadaye akajiunga na wale waliotoboa barafu ya Ncha ya Kusini na kuning'iniza humo macho ya kioo kwa maelfu, yangoje mwanga mdogo wa nyutrino moja iliyokosea njia na kugonga kitu. Alikuwa anatafuta mahali zinapozaliwa chembe zenye nguvu kuliko zote angani. Mwaka baada ya mwaka aliangalia upande fulani wa mbingu, akahesabu, kisha akaandika: hatukuona, na kama kipo, basi hakizidi kiasi hiki.

Nakumbuka siku uliyomweleza mama yako haya, naye akiwa anachambua mboga.

"Kwa hiyo huyo mama analipwa kwa kutoona?" aliuliza.

"Analipwa kwa kusema kweli kwamba hajaona, mama."

"Basi hata mimi naweza. Miaka thelathini naangalia kama baba yako atafunga kabati lake. Sijaona."

Mlicheka wote wawili. Mimi nilikuwa mlangoni, nikatabasamu kwa heshima ya utani, lakini ndani nilidharau. Niliona ni kazi isiyo na mazao. Nilikuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka mingi kuliko umri wako, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja niliyemruhusu kuandika kwamba hakuona.

Hapa yanipasa nikueleze jambo kuhusu ualimu wangu, ambalo ulilijua kwa sehemu kwa kuwa hata wewe ulisoma katika shule zetu. Unakumbuka tulivyokuwa tukijiandaa kwa mtihani wa vitendo. Vifaa ni vichache, springi zimelegea, saa za kuhesabia sekunde ni tatu kwa darasa zima, na msahihishaji aliye mbali anajua jibu linalotakiwa. Kila mwalimu aliyewajali wanafunzi wake aliwafundisha kupika data. Hatukuona aibu kulitamka neno hilo. Unaanza na jibu, unarudi nyuma hadi kwenye vipimo, kisha unaviyumbisha kidogo ili vifanane na vya mkono wa binadamu. Mimi nilikuwa mpishi mashuhuri. Walimu wa shule za jirani walinialika wiki moja kabla ya mtihani.

Nilipokuwa nafundisha Handeni, kabla hujazaliwa, kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha nne aitwaye Mwanahamisi. Tulikuwa tunapima mbembeo wa gololi iliyofungwa kwenye uzi. Kila mtu mezani alipata muda niliousubiri; yeye alipata mwingine, mrefu zaidi, na akaurudia mara tano.

"Badilisha," nilimwambia.

"Mwalimu, nimepima hivi hivi. Nimerudia."

"Jibu lake nalijua, Mwanahamisi."

"Kama mwalimu analijua, mbona tunapima?"

Darasa zima lilicheka. Nilimchukulia kalamu yake nikamwandikia namba mwenyewe kwa wino mwekundu. Jioni, nikikusanya vifaa, nilichukua saa yake nikailinganisha na yangu. Ilikuwa inakimbia. Kila dakika yetu yeye aliisoma kuwa dakika na ushei. Uzi wake ulikuwa sawa, macho yake yalikuwa sawa, na angeachwa atafute sababu ya tofauti ile, angegundua kasoro ya saa ambayo mimi nilikuwa nimeigawa kwa wanafunzi kwa mihula miwili. Niliitoa saa ile kwenye sanduku. Kwake sikusema neno. Alifaulu mtihani kwa namba zangu, na mwaka uliofuata alichagua masomo mengine.

Nimeinuka tena hapa. Nimekwenda hadi barabarani nikarudi. Jirani yetu alinisalimia akauliza kama nakungojea. Nikasema hapana, unarudi kesho alfajiri, kisha nikaendelea kusimama palepale kama mtu anayengoja.

Sasa Vugiri.

Ulipoazima visanduku viwili kutoka chuoni na kuniomba nikusaidie, nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Swali lako lilikuwa safi: chembe zizaliwazo juu kabisa ya anga, zinaposhuka, hupungua njiani, basi mtu aliye mlimani anapaswa kuzihesabu nyingi kuliko aliye bondeni. Jibu lake linajulikana duniani, lakini hapakuwa na mtu aliyelipima kwa siku ileile, saa ileile, kati ya milima yetu na mto wetu. Wewe ungekaa Hale, katika ua wa rafiki yako, karibu na mto Pangani. Mimi ningekaa Vugiri, juu mlimani, nyumbani kwa mjomba wako Hoza. Siku tatu, kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila nusu saa tuandike hesabu, joto na kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa. Ulinionya kwamba kisanduku changu hakina kumbukumbu: kila nusu saa ikitimia huonyesha hesabu kwa dakika moja, kisha hujifuta na kuanza upya. "Usipokuwepo, baba, imekwenda," ulisema. Nilichukia kidogo kuonywa.

Siku ya kwanza na ya pili nilikuwepo. Unaweza kuziamini. Niliweka kisanduku kwenye kibaraza cha mjomba wako, nikakifunika kwa turubai dogo, na kuku nikawafukuza kwa fimbo. Siku ya tatu, Alhamisi, ukungu ulikuwa mzito. Saa sita mchana, nikiwa nimetoka kuandika, mjomba wako alikuja kutoka njia ya shambani bila kofia.

"Shemeji, Mzee Kaniki ametutoka," alisema. Mzee Kaniki alikuwa jirani wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akinitumia ndizi kila nikifika. "Tunazika kabla ya alasiri. Vijana wameshaanza kuchimba."

Nilimpa pole. Kisha nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka napata joto masikioni: "Nina kazi hapa mpaka saa kumi na moja. Nitakuja jioni kuwapa pole wafiwa."

Akaangalia turubai. "Kazi gani, shemeji? Unahesabu nini?"

"Vitu vinavyoshuka kutoka juu."

"Ukiondoka vitaacha kushuka?"

"Havitaacha."

"Basi." Alicheka kidogo. Aliposema tena hakuwa anatania. "Shemeji, wewe umeoa kwetu. Mtu aliyeoa kwetu hakai barazani anaangalia sanduku watu wakichimba. Mimi nitaelewa. Wao hawataelewa, na dada yangu ndiye atakayeulizwa."

Unajua desturi ya kule. Kila mwanaume mzima hushika jembe au sepetu, hata kama ni kwa mapigo kumi, na mkwe humtangulia mwana. Hakuna anayeandika orodha, lakini hakuna asiyejua nani hakufika. Nilikwenda. Na nataka uelewe kwamba kwa kwenda sijutii. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa, tulipokezana, na ilipofika zamu yangu ya pili nikawa nanyoosha kingo za kaburi kwa ncha ya sepetu, mzee mmoja akaniambia kutoka juu, "Mwalimu, sisi tunachimba kwa macho, wewe unachimba kwa rula?" Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyoruhusiwa kucheka makaburini. Tulimswalia, tukamzika, nikarudi saa kumi na dakika kumi na matope magotini.

Namba za kuanzia saa sita na nusu hadi saa kumi zilikuwa zimepotea. Nane.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha nafasi wazi. Ningeweza kuandika: mpimaji hakuwepo, alikuwa mazikoni. Maneno manne au matano. Ungesikitika kwa dakika chache, kisha ungefanya hesabu kwa data iliyobaki. Lakini nilikumbuka kwamba wiki moja kabla, tulipokuwa tukivijaribu visanduku, nilikukaripia kwa sababu uliacha kuandika joto mara moja tu, ukiwa Hale, ulipokwenda kunywa maji. Nilikuambia kwamba daftari lenye tundu ni kama wavu uliochanika. Nilikuwa nimeipenda sana sentensi ile. Sasa daftari langu lilikuwa na tundu la mchana mzima.

Nikakaa kibarazani, nikatazama namba za asubuhi, nikatafuta wastani, nikapika. Kalamu ileile. Hata mgandamizo wa mkono niliubadilisha ili isionekane zimeandikwa kwa mkao mmoja. Hii moja juu kidogo ya wastani, hii chini kidogo. Nilikuwa na uzoefu. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kuosha matope.

Siku tatu baadaye ulikuwa umeketi mahali nilipoketi sasa, madaftari mawili yamefunguliwa mbele yako. Ulipitisha kidole kwenye safu ya namba zangu. Kisha ukauliza, bila kuinua kichwa:

"Baba, Alhamisi mchana ulikuwepo muda wote?"

"Nilikuwepo."

"Hukuondoka hata kidogo?"

"Zaina, mimi nimewafundisha watu kupima kabla hujazaliwa."

"Samahani, baba. Sikuwa na maana hiyo."

Uliniomba radhi. Nimesimuliwa na wengine makosa makubwa zaidi waliyowafanyia watoto wao, na huwa nawatuliza. Lakini sijapata namna ya kujituliza kwa neno hilo moja, samahani, lililotoka kwako kuja kwangu.

Uliona nini? Nilikielewa baadaye, uliponipa ripoti niisome. Chembe hizi haziji kwa mpango. Kila nusu saa hesabu yake huruka, mara juu mara chini, na mrukaruko huo wenyewe una kipimo chake kinachojulikana. Hauwezi kuwa mkubwa mno, na, jambo nililolisahau mimi mwalimu wa miaka yote hiyo, hauwezi kuwa mdogo mno. Namba zangu nane zilikuwa tulivu mno. Zilikaribiana kama mawe yaliyochaguliwa. Nilizipika kwa ajili ya msahihishaji aliyezoea kuona mbembeo wa gololi, sikuzipika kwa ajili ya anga.

Mtu mwingine angefurahi kuona utulivu ule. Wewe uliutilia shaka. Na kwa kuwa nilikuwa nimekuhakikishia kwamba mpimaji alikuwepo, ulimwondoa mpimaji katika orodha ya sababu, ukabaki na hewa na mtambo. Ukaandika aya moja, ya tatu kutoka mwisho. Ulisema kwamba mchana ule ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote; kwamba unyevu na baridi huenda viliathiri sahani au waya zake kwa namna ya kuzuia kisanduku kuhesabu chembe zilizofuatana kwa karibu; kwamba ikiwa ni hivyo, basi mrukaruko ungepungua; na kwamba huna uhakika. Ulipendekeza jaribio la kuthibitisha au kukanusha. Niliisoma aya ile nikiwa nimesimama. Ilikuwa kazi bora kuliko yoyote niliyowahi kusahihisha, na ilieleza jambo ambalo halikutokea.

Ungetarajia kwamba hapo ningesema. Nilikuambia, "Iko vizuri. Sahihisha koma kwenye ukurasa wa pili."

Kisha ikaja siku ya mazungumzo yako na profesa kwa njia ya kompyuta. Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi nusu kwa ajili ya mtandao, nami nilikuwa kwenye korido nikijifanya natengeneza bawaba. Nilisikia kila neno. Hakukuuliza kuhusu mlima na bonde. Aliuliza kuhusu aya ile. Alisema hadhani kwamba maelezo yako ni sahihi, lakini kwamba wanafunzi wengi humletea kelele wakidhani ni ugunduzi, na wewe ndiye wa kwanza kumletea utulivu ukiwa na wasiwasi nao. Akasema ungeanza na hilo: miezi sita ya kwanza, ukichunguza namna mitambo inavyofanya kazi katika baridi na unyevu.

Halafu akakusimulia habari yake mwenyewe. Kwamba alipokuwa kijana, katika barafu, aliona wingi wa mianga kutoka upande mmoja wa mbingu, akawaambia wenzake, wakafurahi, wakaanza hata kuandika. Naye hakuweza kulala. Akarudi kwenye kumbukumbu za kila siku za mtambo, akakuta kwamba katika saa hizo hizo kulikuwa na taa ya majaribio iliyowashwa na fundi na kusahauliwa katika orodha. Akasimama mbele ya kundi zima akafuta ugunduzi wake. Ulimwuliza kama fundi yule aliadhibiwa. Akajibu kwamba hapana, kwa sababu fundi mwenyewe ndiye aliyeileta karatasi ya taa ile katika kumbukumbu hizo, kabla hajaulizwa.

Wewe ulisema, "Hiyo ni bahati." Yeye akasema kwamba si bahati hata kidogo. Mimi niliangusha bisibisi.

Tangu siku hiyo ni miezi mitatu. Katika miezi hiyo nimefanya mambo yafuatayo, na nayasema ili ujue sikukaa bure, ingawa kukaa kwenyewe ndiko kulikonishinda. Nimefanya upya hesabu zako zote bila namba nane. Mlima bado unazidi bonde. Hilo linasimama, ila kwa uhakika mdogo kuliko ulioandika. Aya ya tatu kutoka mwisho haisimami. Nimeandika pia barua kwa profesa, kwa Kiingereza changu cha darasani, nikieleza yote. Kisha nikaichana, kwa sababu nilikuwa nakaribia kukuchukulia kalamu na kukuandikia jibu. Mara ya pili nilifikiri ninyamaze. Ungekwenda, ungefanya jaribio, ungekuta kwamba ukungu hauna hatia, ungeandika kwamba hukuona, na mama yule angekusifu kwa kutoona. Hesabu hiyo ilinivutia kwa siku mbili nzima. Ilikuwa na utulivu nilioutambua.

Jana mama yako aliniambia, tukiwa wawili, "Baba Zaina, mtoto akipanda basi na hilo lililokukaba, litakuua." Sijamweleza ni nini. Hakuuliza. Aliendelea kukunja kanga.

Kwa hiyo nimeweka ndani ya bahasha hii ukurasa wa daftari la Vugiri. Pembeni ya namba zile nane nimeandika kwa kalamu ya leo, nikaweka sahihi na tarehe: mpimaji hakuwepo. Nitakukabidhi mkononi kesho ukishuka kutoka Kwamsisi, kabla ya kwenda stendi, si ndani ya begi wala kupitia kwa mama yako. Nataka uwe na nafasi ya kuniangalia. Ukitaka kunifokea, stendi ya Korogwe asubuhi ina kelele za kutosha na hakuna atakayegeuka. Ukitaka kunyamaza hadi Dar es Salaam, nitaelewa pia.

La kufanya na ukurasa huu ni lako. Nimejizuia mara nne, katika aya hii tu, nisikupe maelekezo. Ukimwambia profesa kabla hujaondoka, huenda nafasi ikapotea, na itakuwa imepotea kwa mikono yangu. Ukimwambia ukifika, huenda akauliza kwa nini hukusema mapema. Usipomwambia kabisa, hutakuwa umedanganya kwa kalamu yako, bali utakuwa umeishi ndani ya nyumba niliyoijenga mimi, nami najua nilivyoijenga. Sina njia ya nne. Mtu aliyezoea kuanza na jibu na kurudi nyuma, akinyimwa jibu, huwa hana msaada mkubwa.

Nimesoma barua hii tangu mwanzo. Ina sehemu mbili ambapo nimejipendelea: nilipoeleza kaburi kwa urefu, na nilipomtaja Mwanahamisi kana kwamba kumtaja ni kumlipa. Nimeziacha ili uzione.

Limebaki jambo moja ambalo silifahamu, nalo ndilo linaloniinua kwenye kiti. Katika aya ile, kila hatua ni yako na kila hatua ni sahihi, isipokuwa ile moja uliyoipokea kutoka kwangu kwa imani. Ulitilia shaka palipostahili shaka. Uliuliza aliyestahili kuulizwa. Ulipojibiwa, uliendelea kwa uaminifu hadi mwisho, ukafika mahali ambapo hapapo. Profesa aliisoma, akaona ndani yake mwanafizikia, akakuita. Nimeigeuza hesabu hii kila upande, kwa miezi mitatu, na haifungi. Labda wewe, uliyeizoea kazi ya kutenganisha mwanga na kelele, utaifunga, kesho au miaka mingi ijayo: alichokiona mama yule katika aya ile, Zaina, kilikuwepo?